Nyumba za bei nafuu juu ya uwanja wa umma: tupinge au tukubali?

Swali – Katibu wa Wakaazi

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika kuhusu uwanja wa wazi uliopo katikati ya mtaa wetu, mtaa ambao sitautaja kwa sababu mazungumzo na wahusika hayajakamilika. Waliopanga mtaa huu waliutenga uwanja huo tangu mwanzo kuwa bustani ya umma na mahali pa michezo, na kwa miaka yote umetumiwa hivyo: vijana hufanyia mazoezi ya kandanda hapo, shule mbili za jirani zisizo na viwanja huleta wanafunzi wao, penye msiba au arusi hema hufungwa hapo, na jioni wazee huketi chini ya miti michache iliyosalia. Hivi karibuni walikuja wapima ardhi, wakafuatiwa na ua wa mabati, na baadaye tukaarifiwa kwa mdomo kwamba patajengwa nyumba za bei nafuu za ghorofa nyingi.

Mtaa umegawanyika. Baadhi ya wakaazi, hasa wenye nyumba zao, wanasema huu ni unyakuzi uliovishwa nguo mpya, na kwamba mabomba ya majitaka yaliyopo yanafurika hata kabla ya kuongezewa mamia ya familia. Wengine, hasa wanaopanga vyumba katika ploti za nyuma, wanasema wenye nyumba wanautetea uwanja kwa sababu hawana shida ya mahali pa kulala. Mkutano wetu wa mwisho uliisha kwa maneno makali kati ya watu ambao kwa kawaida husalimiana kila asubuhi.

Mimi binafsi sipingi mpango wa nyumba, na sipendi chama chetu kionekane kuwa kinawafungia wengine mlango. Ninaomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, sheria ya Kenya inaruhusu ardhi iliyotengwa kuwa bustani igeuzwe kuwa ya makazi, na ikiwa inaruhusu, ni kwa utaratibu gani? Pili, je, ni haki kuukingia kifua uwanja wakati watu wengi hawana makazi ya heshima?

Jibu la 1 – Mchora Ramani

Ndugu Katibu, nimefanya kazi ya upangaji wa miji kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanza na karatasi. Suala la haki linajibika vizuri zaidi pale ambapo watu wamekwisha kujua kilichoandikwa.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, ardhi ya umma ya aina hii hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa niaba ya wakaazi wa kaunti hiyo, na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Maana yake ni kwamba kaunti haina umiliki wa kufanya itakavyo, kama mtu binafsi na shamba lake. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ardhi iliyotengwa kuwa bustani haiwezi kamwe kubadilishwa matumizi. Inaweza, lakini kwa hatua zinazoonekana na zinazoweza kupingwa, na ua wa mabati pamoja na tangazo la mdomo si mojawapo ya hatua hizo.

Jambo la kwanza mnalohitaji ni ramani ya mgawanyo wa mtaa iliyoidhinishwa wakati mtaa ulipoanzishwa. Mitaa mingi ya zamani ilipogawanywa viwanja, mwenye ardhi alitakiwa kuisalimisha sehemu fulani kwa baraza la mji bila malipo, kwa ajili ya barabara, shule, zahanati na viwanja vya michezo. Udhaifu mkubwa ulikuwa hapa: sehemu hizo zilichorwa kwenye ramani, lakini mara nyingi hazikutolewa hatimiliki kwa jina la baraza, na ardhi isiyo na hati ndiyo iliyowavutia wanyakuzi. Tume ya Ndung'u, tume ya kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma iliyoundwa mwaka wa 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka uliofuata, ilieleza kwa kirefu jinsi viwanja vya michezo, bustani, misitu na hata makaburi yalivyogawiwa watu binafsi na kampuni. Kwa hiyo hata kama mtaushinda mpango huu, uwanja usio na hati utabaki hatarini, na pengine mnyakuzi atakayefuata hatakuwa na nia ya kujenga nyumba za bei nafuu.

Andikeni barua rasmi ya kuomba ramani hiyo, hati za usalimishaji, na nyaraka zote za mradi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi husika ijibu ndani ya siku 21. Ofisi ikikaa kimya, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yake mbaki nayo. Nimeona kesi nzuri zikidhoofika kwa sababu kila kitu kilisemwa kwenye mkutano na hakuna kilichoandikwa.

Kisha kuna Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi huomba kibali cha kaunti, umma hupewa nafasi ya kutoa maoni, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia mizozo ya upangaji ndani ya siku 14 tangu uamuzi kutolewa. Siku 14 ni chache mno kwa chama cha wakaazi ambacho hukutana mara moja kwa mwezi; ndiyo maana nawashauri mteue watu watatu au wanne sasa hivi, wapewe mamlaka ya kutia sahihi bila kusubiri mkutano mkuu. Zaidi ya hayo, mradi wa ukubwa huu unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na leseni hiyo nayo inaweza kupingwa mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira ndani ya siku 60. Suala lenu la majitaka ni la kupelekwa hapo, kwa takwimu na picha, kwa kuwa ni rahisi kulithibitisha kuliko hoja ya kwamba mtaa utapoteza sura yake.

Jibu la 2 – Mpangaji wa Chumba Kimoja

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba upande wa pili usikike bila kupakwa rangi ya unyakuzi.

Kila mwezi mshahara wangu hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya ushuru wa nyumba, na mwajiri wangu huongeza kiasi kama hicho. Serikali yenyewe hutaja upungufu wa nyumba zipatazo milioni 2 nchini. Mimi na mke wangu na watoto tunaishi katika chumba kimoja, choo tunatumia pamoja na majirani, na maji tunanunua kwa mitungi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja haki ya kila mtu ya kupata makazi yanayofaa, nacho hakikuandikwa kwa wino hafifu kuliko kile cha 42 kinachotaja mazingira safi. Ninaposikia kwamba nyumba zijengwe "mahali pengine", huwa nauliza ni wapi, kwa sababu kila mahali pengine pana chama cha wakaazi.

Tena tuseme ukweli kuhusu viwanja hivi. Uwanja wa jirani na kwetu nao uliitwa bustani ya umma. Kona moja ilichukuliwa na gereji, nyingine ikajengwa kanisa la mabati, ukaja mnara wa simu, kisha vibanda vikapangwa kando ya barabara na mtu asiyejulikana akaanza kukusanya kodi. Hakuna aliyeitisha mkutano. Kelele zilianza siku iliposemwa kwamba wapangaji kama mimi wangejengewa nyumba hapo. Katibu, sisemi kwamba mtaa wenu uko hivyo, lakini kabla ya kuutetea uwanja dhidi ya nyumba, wakaazi waonyeshe waliutetea vipi dhidi ya gereji.

Jibu la 3 – Msomaji wa Berlin

Naishi Berlin, Ujerumani, na mjadala huu naujua kwa namna yake ya huku. Uwanja wa ndege wa Tempelhof, uliopo ndani ya jiji, ulifungwa mwezi wa Oktoba 2008, na mwaka wa 2010 ukafunguliwa kwa umma kuwa bustani: mamia ya hekta za nyasi, njia za ndege zimegeuzwa kuwa njia za baiskeli, na watu wanalima mboga katika masanduku ya mbao. Serikali ya jiji ilipendekeza kujenga nyumba zipatazo 4,700 kwenye kingo zake na kuiacha sehemu kubwa ya katikati wazi. Wapinzani walikusanya sahihi, na tarehe 25 Mei 2014 ikafanyika kura ya maoni ambayo asilimia 64.3 ya waliopiga kura waliunga mkono sheria ya kuuacha uwanja wote bila kujengwa.

Kilichonishangaza ni kwamba waliopinga hawakuwa wenye nyumba peke yao, kwani Berlin ni jiji la wapangaji. Wengi wao walihitaji nyumba za kodi nafuu, lakini hawakuamini kwamba nyumba hizo zingekuwa zao. Walitazama miradi mingine jijini, wakaona jinsi bei zilivyopanda baada ya ahadi za mwanzo, wakaamua kwamba uwanja ulio wazi leo ni mali waliyonayo mkononi, ilhali nyumba ni ahadi. Tangu wakati huo kodi za nyumba zimepanda sana, wanasiasa wamelirudisha suala la kujenga kwenye kingo, na wapo wanaosema kwamba kura ile ilikuwa anasa ya watu waliokwisha kupata makazi. Sikubaliani nao, kwa sababu jiji lilikuwa na ardhi nyingine ambayo haikujengwa wala haikuhitaji kura ya mtu yeyote. Lakini nakiri kwamba Tempelhof ni kubwa kiasi cha kuruhusu anasa ya kubishana juu ya kingo. Uwanja wa mtaa, ambao ghorofa tatu nne zinaumaliza wote, ni jambo tofauti.

Kwa hiyo ningemuuliza Katibu swali ambalo sijaliona hapa: nyumba hizo ni za nani hasa? Je, zitauzwa au zitapangishwa?

Jibu la 4 – Wakili Asiye na Haraka

Swali la mwisho la ndugu wa Berlin lina jibu katika sheria, na Katibu anapaswa kulifuatilia. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inazigawa nyumba za mpango huu kwa kipato cha mnunuzi. Zipo nyumba za kijamii kwa wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa wenye kipato cha kati ya shilingi 20,000 na 149,000, na nyumba za tabaka la kati kwa waliozidi hapo. Uwanja wa umma ukigeuzwa kuwa nyumba za aina ya tatu, hoja ya ndugu Mpangaji wa Chumba Kimoja inakosa mguu wa kusimamia. Ukigeuzwa kuwa za aina ya kwanza, hoja ya wenye nyumba ndiyo inayolegea. Katika mikutano mingi watu hupigania jina la mradi bila kuuliza idadi ya nyumba za kila aina, ambayo ndiyo inayoamua nani atalala humo. Na kumbukeni kwamba nyumba ikishauzwa, ardhi iliyo chini yake haitarudi kuwa ya umma kwa gharama yoyote ambayo kaunti inaweza kuimudu.

Kuhusu mahakama, nitaongeza mawili. La kwanza ni kwamba mlango uko wazi kuliko zamani. Mwaka wa 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, ombi lake lilitupwa, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki kwa niaba ya umma. Mradi ule uliangushwa na kelele za wananchi na kujiondoa kwa wafadhili wa nje. Sheria haikumsaidia hata kidogo. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Kesi ya Katibu, ikifika huko, haitatupwa mlangoni.

La pili ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2023 katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ardhi iliyogombaniwa ilikuwa ufuoni, Nyali, na kampuni ilikuwa na hatimiliki iliyoinunua. Mahakama ilichunguza chimbuko la hati hiyo, ikaona kwamba ardhi ilikuwa imetengwa kuwa eneo la wazi kabla ya kugawiwa mtu binafsi mwaka wa 1989, kwa hiyo haikuwa ya kugawiwa, na aliyeinunua baadaye hakuweza kujikinga kwa kusema kwamba hakujua. Uamuzi huu unanukuliwa kila mahali sasa, wakati mwingine kupita kiasi. Unawasaidia ninyi kuthibitisha kwamba kutengwa kwa ardhi katika ramani kuna nguvu ya kisheria. Lakini kesi ile ilihusu hati ya mtu binafsi, ilhali kwenu ni serikali inayobadilisha matumizi ya ardhi iliyo chini ya amana yake. Msiende mahakamani mkiitegemea hiyo peke yake.

Katibu wa Wakaazi

Nawashukuru nyote, na hasa ndugu Mpangaji, ambaye amesema hadharani yale ambayo majirani zangu wa plotini huyasema wakiwa wametoka mkutanoni. Barua ya kuomba ramani na nyaraka imekwisha kuandikwa, na swali la idadi ya nyumba za kila aina limewekwa juu kabisa. Kuna wazo limejitokeza kwenye kamati kwamba tukubali nusu ya uwanja ijengwe na nusu ibaki. Baadhi yetu wanaona ni busara, wengine wanaona ni kuukabidhi uwanja wote kwa awamu mbili. Mnasemaje?

Mchora Ramani

Kabla ya kukubali nusu, ulizeni kwanza kama ipo ardhi ya umma iliyokwisha kujengwa karibu nanyi ambayo inaweza kubeba mzigo huo. Jijini Nairobi, huko Pangani, nyumba 48 za zamani za baraza la jiji zilibomolewa, na mahali pake ukapangwa mradi wa nyumba zaidi ya 1,500. Mradi ule ulikuwa na malalamiko yake, hasa ya wapangaji waliohamishwa, nami sisemi ulifanywa vizuri. Lakini hesabu yake inaonyesha kwamba mahali penye nyumba za chini za kaunti pana nafasi nyingi zaidi kuliko uwanja mmoja wa mpira, na hapo mabomba na barabara za kuanzia tayari zipo. Mpango wa kaunti ukiwa haujaliangalia hilo, mnayo hoja halali ya kuurudisha mezani, na ni hoja ambayo ndugu Mpangaji pia anaweza kuiunga mkono, kwa sababu inaongeza nyumba badala ya kuzipunguza.

Ikithibitika kwamba hakuna ardhi nyingine, basi nusu ni jambo la kuzungumziwa, ila msilikubali kwa kauli. Masharti yaandikwe ndani ya kibali chenyewe cha ujenzi: mipaka ya sehemu inayobaki ipimwe na kuwekewa mawe, hatimiliki yake itolewe kuwa bustani ya umma, na hati hiyo iwe imesajiliwa kabla jengo la kwanza halijaanza. Mjenzi mwenye haraka hukubali masharti ya namna hii kabla ya kuanza, na huwa mgumu sana baada ya msingi kumwagwa. Pia ombeni sehemu inayobaki iwe kipande kimoja chenye umbo la uwanja. Nimeona mara nyingi "nusu" ikitolewa kwa vijipande kati ya jengo na jengo, vyenye nyasi za mapambo na kibao cha kuwakataza watoto wasicheze, na kwenye hesabu za mradi vyote vikahesabiwa kuwa bustani.

Mpangaji wa Chumba Kimoja

Kwa masharti hayo ya mwisho nakubaliana na Mchora Ramani, ila niongeze moja. Katika hiyo kamati ya watu watatu au wanne mtakaowateua kutia sahihi, wawili watoke plotini.